Ukungu Usiochorwa

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Joto bado limetukalia. Basi la kampuni lilitutoa kwenye makazi yetu ya Umm Salal, nje kidogo ya Doha, alfajiri, na vioo vilikuwa vimelowa kwa nje kwa sababu ya unyevu. Mike, dereva wetu Mganda, ilibidi asimame mara mbili kuvipangusa.

Job, supavaiza wetu wa ulinzi, alitupanga mstari na kutuambia kwamba msimu huu jumba la sanaa limepokea skrini kutoka Japani. Nilidhani ni televisheni. Kumbe ni viambaza vya karatasi, vya kukunja, ambavyo watu wa kule walikuwa wakivisimamisha ndani ya nyumba kukinga upepo na kugawa chumba. Hivi vimechorwa milima.

Nimepangiwa Chumba cha Pili pamoja na Mzee Athanas. Sikufurahi hata kidogo. Huyu mzee wa Taita nilifanya naye kazi langoni mwezi wote wa Septemba. Ukimpungia mkono anakutazama kama nguzo. Ukipita kando yake hakusalimu mpaka useme wewe. Maringo ya bure, na sote tumevaa yunifomu ile ile.

Jumatano, 16 Oktoba

Maonyesho yamefunguliwa. Chumba chetu kina giza la kanisani. Bi. Tsukamoto, mama aliyesafiri na viambaza kutoka Japani na ambaye peke yake anaruhusiwa kuvigusa, alitueleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba mwanga hula karatasi na rangi. Taa haziongezwi hata waziri akiomba. Tena viambaza hivi vitakaa wiki sita tu, kisha vitalazwa na jozi nyingine isimamishwe mahali pake.

Viko viwili, kila kimoja kina paneli sita, na vimesimama kwa kupindapinda, mbele nyuma, mbele nyuma, ndiyo maana havianguki. Unasoma kuanzia kulia. Kulia ni majira ya maua, kushoto kabisa ni theluji. Kati yake kuna milima mirefu iliyochongoka, miti iliyojikunja na kijumba kimoja. Kwenye daraja kuna mtu mdogo amebeba kuni. Vyote kwa wino mweusi. Sehemu kubwa haina kitu, karatasi tupu.

Nilimwuliza Bi. Tsukamoto kama Japani kuna milima ya namna hiyo.

“Hapana,” akasema. “Hii ni milima ya Uchina.”

“Kwa hiyo mchoraji alikwenda Uchina?”

“Hakuvuka bahari. Watawa walileta picha kutoka kule. Mwalimu wa mwalimu wake aliziiga, mwalimu wake akaiga, naye akaiga.”

Nikamkumbuka shangazi yangu wa Kimilili, ambaye hajawahi kufika Doha lakini huwaeleza majirani habari zake mpaka mimi mwenyewe nikiwa likizo humsikiliza nijue ninakoishi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Miguu. Siku nzima wima.

Jumatano, 23 Oktoba

Leo asubuhi kabla ya wageni, Mzee Athanas alinijia mpaka karibu sana, akanong'ona.

“Nasimiyu, hapo kati ya mlima na daraja, kuna kitu?”

“Hakuna.”

“Hakuna kabisa?”

“Ni karatasi tupu, Mzee. Ni ukungu. Madam alisema mchoraji hakuuchora, aliacha tu pawe wazi.”

Akashusha pumzi. “Basi sawa.”

Nikafikiri ananichezea. Mtu anaulizaje kama kuna kitu mahali ambapo hata mtoto anaona hakuna?

Jumatatu, 28 Oktoba

Lazima nikubali mzee ana mdomo mtamu. Hatukuajiriwa kueleza picha, tumeajiriwa kusema “usiguse”, lakini wageni humwuliza naye hujibu. Huwaonyesha kwa mkono, kutoka kulia kwenda kushoto: hapa maua, hapa mvua, hapa paneli ya nne daraja, na yule jamaa wa kuni anarudi kwake kabla theluji haijamkuta. Leo familia moja ya Wakatari ilimsikiliza mpaka mwisho, baba akamshukuru kwa kuweka mkono kifuani. Job alipita, akaona, akaendelea na njia yake.

Nimemwonea wivu kidogo. Mimi huulizwa choo kiko wapi.

Jumapili, 3 Novemba

Amemgonga mama wa watu. Alikuwa akirudi nyuma, mama amesimama kando yake waziwazi, akamkanyaga. Mama alifoka kwa Kiarabu. Mzee aliomba radhi akimtazama mtu mwingine kabisa.

Jumatatu, 4 Novemba

Sasa najua.

Kantini, saa ya chai. Nilimnyooshea kikombe kutoka upande wa kulia. Hakukipokea. Nikakaa vile mkono hewani, nimeshaanza kukasirika, nikataka kumwambia kwamba kwetu mtu akikataa chai yako husema kwa nini. Halafu nikausogeza mkono taratibu kuelekea katikati ya uso wake. Ulipofika mbele ya pua ndipo akashtuka, akakipokea, akasema, “Asante mama, sikujua umefika.”

Nilikuwa nimekaa pale tangu alipofungua mkate.

“Baba Chelsea,” nikamwambia, nikimwita kwa jina la mtoto wake, “huoni?”

Aliweka kikombe mezani. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini. Ilianza kabla ya joto kali la Agosti. Kando kwa kando panafifia. Katikati anaona, hata herufi anasoma, lakini ni kama kuchungulia kwa bomba, na kwenye giza la chumba chetu hata hilo bomba linajaa moshi. Ile picha aliikariri siku za kwanza, kipande kwa kipande, akisimama karibu. Kila asubuhi humtafuta yule mtu wa kuni. Akimwona, anajua siku itapita. Ukungu ndio ulikuwa ukimtesa, kwa sababu hakujua ni wa mchoraji au ni wake.

Nilijisikia vibaya kwa yote niliyowahi kusema juu ya maringo yake, na nimesema mengi, tena kwa sauti.

“Twende ukapimwe.”

“Nikapimwe wapi? Bima ni ya kampuni. Daktari akiandika, kampuni inasoma. Mlinzi asiyeona ni wa nini? Wiki mbili niko uwanja wa ndege wa Mombasa na sanduku.” Chelsea, bintiye, yuko mwaka wa mwisho wa chuo pale Voi, anamaliza Aprili. “Nifikishe Aprili tu. Aprili nitakwenda mwenyewe. Usimwambie mtu, Nasimiyu. Nimekuambia wewe kama binti yangu.”

Nikamwahidi. Tukakubaliana: nikikohoa mara moja, mtu yuko kulia kwake, mara mbili, kushoto. Nikisema “vizuri Mzee”, Job amekuja.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekohoa mpaka mgeni mmoja akanipa peremende.

Jumapili, 10 Novemba

Inafanya kazi. Hakuna aliyegongwa wiki hii. Job amesema Chumba cha Pili ndicho kinachoendeshwa vizuri kuliko vyote. Nilivimba kichwa siku nzima.

Ijumaa, 15 Novemba

Kanisani nilikutana na Velma, rafiki yangu wa tangu sekondari. Ni muuguzi wa kliniki ya macho huku Doha, anaishi Al Wakrah na wauguzi wenzake. Baada ya ibada tulikaa kivulini na mahamri yake. Hali ya hewa imepoa, mtu anaweza kukaa nje akawa binadamu.

Nikamwuliza habari ya mtu fulani, sikumtaja jina, ambaye kando kwa kando panafifia.

Velma aliacha kutafuna. “Ana miaka mingapi?”

“Hamsini na kitu.”

“Hiyo inafanana sana na presha ya macho. Siwezi kuapa bila kumpima, lakini nimeona wengi. Haiumi, ndiyo ubaya wake. Inakula kutoka kando. Kilichoenda hakirudi, Nasimiyu, hata umpeleke India. Lakini kilichobaki kinashikwa na dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Tangu lini?”

“Kabla ya Agosti. Anataka kungoja mpaka Aprili.”

“Aprili atakuwa anangojea nini?”

Nikamweleza, kwa kujisifu kidogo, jinsi tunavyokohoa. Nilidhani atacheka.

“Kwa hiyo unamsaidia kupofuka,” akasema.

Nilirudi Umm Salal nimekasirika. Yeye ana mkataba wa hospitali na chumba chenye dirisha. Ni rahisi kusema.

Jumamosi, 16 Novemba

Sikulala vizuri, kwa sababu alichosema Velma ni kweli.

Nilimweleza Mzee kwenye kantini. Matone, presha, kilichoenda hakirudi. Alinisikiliza akikunja kitambaa chake.

“Mficha maradhi kifo humuumbua,” nikamwambia.

“Kifo hakilipi chuo.”

“Baba Chelsea, utafika Aprili huoni hata huyo Chelsea.”

Hapo alikasirika. Sijawahi kumwona hivyo. “Ulimwambia nani? Mimi nilikuambia wewe.”

“Sikutaja jina.”

“Doha hii Wakenya tunajuana wote. Ungeenda tu kwenye redio utangaze.”

Nami nina hasira zangu, mama yangu alinizaa nazo. Nikamwambia kama ni hivyo sitakohoa tena, ajitafutie mwenyewe. Akasema sawa. Akabeba kikombe chake, akagonga kiti, akaenda.

Jumapili, 17 Novemba

Hatusemezani. Sikukohoa. Alisimama siku nzima mahali pamoja.

Jumatano, 20 Novemba

Hatusemezani. Mvua ya kwanza. Barabara ya kwenda Lusail imejaa maji, basi limechelewa, Job kafoka.

Nilitaka kumwendea Job. Nilifika mpaka mlangoni pa ofisi yake. Alikuwa kwenye simu akimgombeza mtu kwa sababu ya viatu visivyong'aa. Nikajisemea, huyu? Nikageuka.

Jumatatu, 25 Novemba

Hatusemezani. Kesho jumba limefungwa kama kila Jumanne, Mzee yuko ofu, mimi nimeitwa kulinda ubadilishaji wa viambaza.

Jumanne, 26 Novemba

Bi. Tsukamoto na wasaidizi wawili walivivua kama watu wanaomvua mtoto aliyelala. Walikunja paneli moja juu ya nyingine mpaka milima yote ikawa mzigo mmoja mwembamba, wakauingiza kwenye sanduku la mbao. Sikutegemea nitasikitika.

Kisha jozi mpya. Nayo ni ya wino, nayo ni paneli sita kwa sita, nayo ni Uchina ya mtu ambaye hakufika Uchina. Mchoraji ni mwingine na alipenda maji. Mlima mmoja tu, mbali. Ziwa, matete, bata bukini wanashuka. Paneli ya nne haina chochote, ni ukungu juu mpaka chini.

Job alipiga picha ya tangazo akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kazi, na maneno: *new display, note the changes*. Niliona alama kwamba watu wameisoma. Nikadhani na Mzee ameisoma. Nilifikiria kumpigia. Nikasema, si tumenuniana.

Jumatano, 27 Novemba

Ni jioni, nimekunywa chai na nimekula, ndipo naandika.

Asubuhi Mzee aliingia, akasimama mahali pake. Nilimwona akiinua uso kuelekea paneli ya nne, kama afanyavyo kila siku. Alikaa vile muda mrefu kuliko kawaida. Mimi nilikuwa upande wa pili na mgeni ananiuliza choo. Sasa najua kwamba hesabu ya wiki sita ilimpotea na ujumbe wa Job hakuufungua, na najua alichokuwa akifanya. Alikuwa akimtafuta mtu wa kuni, hamwoni, na akajiambia kwamba leo macho yamezidi.

Saa ya Adhuhuri aliingia bibi mmoja wa Kikatari, mzee sana, kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na mjukuu wake wa kike. Bibi akamwuliza Mzee kwa Kiarabu, mjukuu akatafsiri: hiki ni nini?

Na Mzee akaanza. Kwa ule mdomo wake mtamu. Hapa kulia maua yanachanua. Hapa mvua. Nilikuwa bado mbali. Nilikohoa. Nikakohoa tena. Aliendelea. Hapa, bibi, paneli ya nne, kuna daraja, na huyu hapa ni mtu amebeba kuni, anarudi nyumbani.

Bibi akainama mbele kwenye kiti chake, akakaza macho. “Wein?” akauliza. Wapi?

“Hapa,” akasema Mzee, akinyoosha kidole kwenye karatasi tupu.

Mjukuu alisema kwa adabu, “Amu, hapo hapana mtu.”

“Yupo. Ni mdogo. Mwanga ndio hautoshi. Wacha niwaonyeshe.”

Akapiga hatua mbele. Kile kinguzo kifupi cha kamba ya kuzuia wageni kilikuwa chini kulia kwake, hakukiona. Akakigonga kwa goti. Kinguzo kikaanguka kuelekea kiambaza na kikadunda kwenye jukwaa la mbao, shibiri moja kutoka kwenye karatasi. Kengele ikalia. Nilifika nikiwa nakimbia, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi.

“Nasimiyu,” akaniuliza mbele ya wote, “yupo au hayupo?”

“Hayupo, Baba Chelsea. Walibadilisha jana.”

Akashusha kidole alichokuwa amekinyoosha. Halafu akasema, “Nilidhani ni mimi.”

Bi. Tsukamoto alikuja na tochi yake ndogo, akapiga magoti, akakagua paneli moja baada ya nyingine huku tumesimama. Hakuna kilichoguswa. Aliinuka, akamtazama Mzee bila hasira, akasema, “Lazima niandike ripoti.” Na ni kweli, lazima.

Bibi alipokuwa akisukumwa kutoka alisema jambo, mjukuu akanitafsiria mlangoni. Alisema warudishe ile yenye daraja.

Alhamisi, 28 Novemba

Job aliniita ofisini.

“Nipe ukweli. Ulikuwa unajua?”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Mwanzo wa mwezi huu.”

Alijipangusa uso kwa viganja. Nikajiandaa kwa matusi. “Baba yangu alipofuka hivyo hivyo, kule Molo,” akasema. “Tulidhani ni uzee. Mngeniletea hii stori mapema, Nasimiyu, ningempeleka kliniki kabla hakujakuwa na ripoti yoyote. Sasa kuna ripoti. Mikono yangu imefungwa.”

Sikujua Job ana baba. Sikuwahi kufikiri.

Nimepewa onyo. Mzee amesimamishwa kazi, lakini Job amewaambia wakubwa kwamba hawawezi kumaliza mkataba kabla hajatibiwa kwa bima yao. Nimemsikia kwa masikio yangu akibishana nao, na hakuwa na adabu.

Jumanne, 3 Desemba

Nilimsindikiza Mzee kliniki. Velma alitupokea kwa kazi tu, kama hatujuani.

Ni presha ya macho. Jicho la kulia limebaki na kipande kidogo sana, daktari hakutaka kutudanganya. La kushoto linaweza kushikwa. Daktari akamwuliza kwa nini hakuja. Akasema, “Nilikuwa kazini.”

Tulipoachana na daktari, nikamwuliza Velma kimya kimya mlangoni: tungekuja mapema ingesaidia? Velma huwa hapambi maneno. Alisema jicho la kulia lilikuwa likienda haraka, kila wiki ilikuwa na thamani yake.

Oktoba nilikuwa sijajua. Novemba nilijua.

Alhamisi, 5 Desemba

Hawezi kujitia matone, yanaishia shavuni. Nakwenda jengo lao asubuhi kabla ya basi na jioni baada ya basi. Anaegemeza kichwa ukutani, naivuta kope ya chini, tone linaingia. Hatuzungumzi mengi. Wenzake wa chumba wamezoea, mmoja husimama pembeni na tishu.

Jumatano, 18 Desemba

Siku ya Taifa. Magari yamepambwa, honi mpaka Lusail. Tone asubuhi, tone jioni.

Jumapili, 29 Desemba

Ukungu asubuhi. Mike aliendesha polepole na taa zikiwaka, hakuna aliyeona chochote nje, na ndani ya basi wote tulikuwa sawa.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mkataba wa Mzee haukurefushwa. Job alijitahidi apewe kazi ya mchana kwenye maegesho, wakubwa wakakataa. Tulimsindikiza uwanja wa ndege: mimi, Job, Mike. Kwenye ule mwanga mkali wa ukumbi alinisimamisha mbele yake, akanisogeza kidogo kushoto, akanitazama vizuri.

“Kumbe wewe ni mfupi hivi,” akasema. “Na kelele zote zile.”

Mike alicheka mpaka askari akatugeukia. Mimi nililia, sikujificha. Job alimpa msaidizi wa ndege maelekezo mara tatu, utadhani anasafirisha kiambaza.

Jumanne, 14 Januari

Maonyesho yamekwisha. Vimekunjwa, vimeingia sandukuni. Bi. Tsukamoto alituinamia mmoja mmoja. Aliniuliza habari ya Mzee, nikamweleza. Akasema amesikitika, na kwamba ripoti angeiandika tena hivyo hivyo. Nilimwelewa.

Ijumaa, 7 Februari

Mzee Athanas alipiga simu ya video kutoka Wundanyi. Mkewe ndiye anayemtia matone sasa, na anayatia vizuri kuliko mimi, alisema, halowanishi kola. Chelsea yuko chuoni, ndugu zake mzee wamechukua mzigo, atamaliza. Daktari wa Voi amepima: presha ya jicho la kushoto imeshuka, limebaki pale pale lilipokuwa Desemba. La kulia sasa halitofautishi mchana na usiku.

Nikamwambia nimefurahi kwa la kushoto. Akasema naye pia.

Kisha akasogeza uso karibu na simu.

“Nasimiyu. Siku ile kantini nilikukataza usimwambie mtu.”

“Ulinikataza.”

“Na ningekununia mpaka leo.”

“Najua, Baba Chelsea.”

“Ungesema tu.”

Hakuwa na hasira. Mkewe alimwita chakula kimeiva, akaniaga, akatafuta kitufe cha kukata simu kwa muda, na muda wote huo nilikuwa naliona jicho lake la kulia, karibu kabisa na kioo, likitazama mahali ambapo sipo.